Dawa za zamani, kazi mpya: kwa nini utafiti wa saratani hukosa mfadhili

Aspirini ya maumivu ya kichwa, ganzi ya daktari wa meno, dawa ya malaria, dawa ya minyoo: dawa ambazo familia nyingi zimezizoea kwa miongo kadhaa zinachunguzwa upya kuona kama zinaweza kupambana na saratani. Baadhi ya majaribio yameleta matokeo ya kutia moyo, mengine yamevunja matumaini ya wengi. Karibu yote hukabiliwa na swali moja: nani atalipia uthibitisho wa dawa ambayo haitamtajirisha mtu yeyote?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo, ambako tiba mpya za saratani ziko mbali na uwezo wa watu wengi. Dawa ya bei nafuu ikithibitishwa kwamba inafaa, wao ndio wa kwanza kunufaika. Isipothibitishwa, wanabaki kati ya tiba ghali wasiyoweza kuinunua na uvumi wa mitandaoni wasioweza kuuhakiki.

Maana ya kuipa dawa kazi mpya

Kila dawa huingia sokoni ikiwa na kibali kinachotaja ugonjwa inaoutibu, kipimo chake na watu wanaostahili kuitumia. Watafiti wanapoona dalili kwamba dawa hiyo inaweza kutibu ugonjwa mwingine, na wakaanza kulichunguza jambo hilo kwa utaratibu wa kisayansi, wanakuwa wanatafuta kuipa kazi mpya.

Faida yake kubwa ni kwamba usalama wa dawa umeshajulikana. Dawa mpya kabisa huanzia maabara, hupita kwa wanyama, kisha kwa watu wachache wa kujitolea, kabla ya kuwafikia wagonjwa wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la JAMA la Marekani ulikadiria kuwa gharama ya kati ya kuifikisha dawa moja mpya sokoni ni takriban dola milioni 985, zikihesabiwa pia fedha zinazopotea kwa dawa zinazoshindwa njiani. Dawa ya zamani huziruka hatua nyingi za mwanzo. Viwanda vinavyoitengeneza vipo, madhara yake yanafahamika, na madaktari wameizoea.

Hata hivyo, hatua ya mwisho hairukwi. Lazima lifanyike jaribio kubwa ambamo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Mara nyingi kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Wote hufuatiliwa kwa miaka, kwa sababu saratani huweza kurudi muda mrefu baada ya upasuaji. Humo ndimo fedha zinamokwenda: mishahara ya wauguzi na wataalamu wa takwimu, vipimo vya maabara, picha za uchunguzi, bima ya washiriki na utunzaji wa kumbukumbu. Kidonge chenyewe kinaweza kugharimu senti chache, lakini jaribio la kukithibitisha hugharimu mamilioni ya dola.

Mifano ya zamani: tamoksifeni, thalidomidi na arseniki

Kuzipa dawa kazi mpya si jambo geni katika tiba ya saratani. Tamoksifeni, mojawapo ya dawa zinazotumika zaidi duniani dhidi ya saratani ya matiti, ilitengenezwa na kampuni ya ICI ya Uingereza katika miaka ya 1960 wakati watafiti wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa lengo hilo ilishindwa. Madaktari wa Hospitali ya Christie mjini Manchester waliijaribu kwa wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1971. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

Historia ya thalidomidi ni ya majonzi zaidi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wengi waliitumia kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa mwaka 1961, baada ya kubainika kwamba inaharibu mimba. Watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi. Lakini mwaka 1964, daktari Jacob Sheskin wa Jerusalem alimpa dawa hiyo mgonjwa wa ukoma aliyekuwa hapati usingizi kwa maumivu, akashangaa kuona vidonda vyake vikipona. Miaka 30 baadaye, watafiti wa Boston walionesha kwamba thalidomidi huzuia kuota kwa mishipa mipya ya damu, ambayo uvimbe wa saratani huitegemea ili ukue. Mwaka 1999, madaktari wa Chuo Kikuu cha Arkansas walitangaza kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa 84 wa mayeloma, saratani ya uboho ambayo ilikuwa haisikii tena tiba nyingine, walipata nafuu baada ya kuitumia. Marekani iliiidhinisha kwa saratani hiyo mwaka 2006, kwa masharti makali ya kuhakikisha haimfikii mjamzito.

Nchini China, madaktari wa mji wa Harbin walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuchunguza mchanganyiko wa kienyeji uliokuwa na arseniki, madini yanayojulikana zaidi kama sumu. Walibaini kwamba unawasaidia wagonjwa wa aina moja kali ya saratani ya damu, lukemia ya promielositi. Arseniki iliyosafishwa iliidhinishwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2013, madaktari wa Italia na Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 162 lililounganisha arseniki na dawa nyingine inayotokana na vitamini A. Baada ya miaka miwili, asilimia 99 ya waliopata mseto huo walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 91 ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida ya kemotherapi. Ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa siku chache sasa ni miongoni mwa saratani za damu zinazotibika vizuri zaidi.

Mzizi wa tatizo: hataza na kibali

Kampuni ya dawa hugharamia majaribio kwa sababu inatarajia kurejesha fedha zake. Kinachoiwezesha ni hataza, haki ya kisheria inayomzuia mtu mwingine kutengeneza dawa hiyo, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Muda huo ukiisha, kiwanda chochote chenye kibali kinaweza kuitengeneza, bei hushuka na faida hugawanywa kwa wengi.

Hilo ni jema kwa mnunuzi, lakini lina upande wa pili. Kampuni ikitumia mamilioni kuthibitisha kwamba kidonge kisicho na hataza kinazuia saratani, washindani wake wote watauza kidonge hichohicho siku inayofuata bila kuchangia hata senti moja. Sheria za nchi nyingi huruhusu hataza ya matumizi mapya ya dawa ya zamani, lakini ni vigumu kuitekeleza. Daktari akiandika jina la dawa, mfamasia atatoa ile ya bei ya chini iliyopo rafuni, bila kujua mgonjwa anaugua nini.

Kibali nacho kina kikwazo chake. Kwa kawaida ni kampuni yenye dawa inayoomba kuongezwa kwa ugonjwa mpya katika maelezo rasmi. Chuo kikuu au hospitali iliyofanya utafiti haina njia rahisi ya kufanya hivyo. Kampuni isipoona faida, haiombi, na ushahidi hubaki katika majarida ya kisayansi. Daktari anaweza kuiandika dawa nje ya kibali chake, kwa kuwa nchi nyingi zinaruhusu, lakini wengi husita wakihofia lawama, na bima nyingi hukataa kulipa.

Kwa upande mwingine, dawa inapopata mwenyewe, bei inaweza kupanda isikamatike. Kampuni ya Celgene ya Marekani iliyomiliki thalidomidi ilibadilisha muundo wake kidogo na kupata dawa mpya, lenalidomidi, iliyoidhinishwa mwaka 2005. Ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kampuni hiyo ilipandisha bei mara 22, kutoka dola 215 hadi dola 719 kwa kidonge kimoja. Lenalidomidi imerefusha maisha ya wagonjwa wengi wa mayeloma, na kwa hiyo fedha za majaribio zilizaa matunda. Lakini matunda hayo kwa miaka mingi hayakuwafikia wagonjwa wa nchi maskini.

Kwa hiyo wagonjwa hubanwa na hali mbili. Dawa yenye mwenyewe huthibitishwa, ikawa ghali. Dawa isiyo na mwenyewe hubaki nafuu, lakini bila kuthibitishwa. Mradi wa ReDO, unaoendeshwa tangu mwaka 2014 na mfuko wa hisani wa Ubelgiji, Anticancer Fund, pamoja na shirika la GlobalCures la Marekani, umeorodhesha dawa zaidi ya 300 za magonjwa mengine zenye dalili za kupambana na saratani. Kuzijaribu zote kwa wagonjwa kunazidi uwezo wa wafadhili wa hisani peke yao.

Fedha za umma zinapotumika

Pale serikali na mashirika yasiyo ya faida yalipobeba gharama, majibu yalipatikana. Mfano wa karibuni unatoka Ulaya Kaskazini. Watafiti wakiongozwa na Profesa Anna Martling wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliwapima zaidi ya wagonjwa 3,500 wa saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa katika hospitali 33 za Sweden, Norway, Denmark na Finland. Takriban asilimia 37 walikutwa na mabadiliko fulani ya jeni katika uvimbe wao. Kati ya hao, 626 waligawanywa: nusu walipewa miligramu 160 za aspirini kila siku kwa miaka mitatu baada ya upasuaji, na nusu vidonge visivyo na dawa.

Matokeo yalichapishwa Septemba 2025. Katika kundi kuu la jeni lililochunguzwa, saratani ilirudi kwa asilimia 7.7 ya waliotumia aspirini, na kwa asilimia 14.1 ya wasioitumia. Hatari ilikuwa imepungua kwa takriban nusu, kwa kidonge kilichoanza kuuzwa mwaka 1899.

Nchini India, Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, ambayo iko chini ya Idara ya Nishati ya Atomiki ya serikali, iliichunguza lidokaini, ganzi inayotumiwa na madaktari wa meno kila siku. Nadharia ya watafiti, wakiongozwa na daktari mpasuaji Rajendra Badwe, ilikuwa kwamba kisu cha upasuaji kinaweza kuzichochea baadhi ya seli za saratani kutawanyika mwilini, na kwamba ganzi inaweza kuzizuia. Dakika chache kabla ya upasuaji, wanawake wenye saratani ya matiti walidungwa ganzi hiyo kuuzunguka uvimbe. Kundi jingine lilipasuliwa bila sindano hiyo.

Wanawake 1,583 walihesabiwa katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023. Baada ya miaka mitano, asilimia 90.1 ya waliodungwa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 86.4 ya wasiodungwa. Tofauti hiyo ya takriban wanawake wanne katika kila 100 ilitokana na sindano moja ya bei ndogo, isiyohitaji mashine wala mafunzo marefu. Jaribio hilo lilichukua zaidi ya miaka kumi, na ni vigumu kuona ni kampuni gani ingeligharamia.

Janga la UVIKO-19 nalo lilionesha kasi inayowezekana. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilianza Machi 2020 kwa fedha za umma. Kufikia Juni mwaka huohuo, lilikuwa limethibitisha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa msaada wa mashine.

Matumaini yaliyovunjika

Wapo wanaouliza kwa nini wagonjwa wasipewe tu dawa hizi, ikiwa ni nafuu na zinafahamika. Jibu limo katika majaribio yaliyoshindwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Metformini, dawa ya kisukari, ilibeba matumaini makubwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Kumbukumbu za hospitali zilionesha kwamba wagonjwa wa kisukari walioitumia walipata saratani kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Watafiti wa Canada na washirika wao waliwaandikisha wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti wasio na kisukari, wakawapa metformini au kidonge kisicho na dawa kwa muda wa hadi miaka mitano. Mwaka 2022 walitangaza kwamba katika aina kuu za saratani hiyo, dawa haikuzuia ugonjwa kurudi.

Aspirini yenyewe ina sura zaidi ya moja. Jaribio jingine la Marekani na Canada la wagonjwa zaidi ya 3,000 wa saratani ya matiti, lililochapishwa mwaka 2024, halikuona faida yoyote ya aspirini. Na katika utafiti wa ASPREE uliofanywa Australia na Marekani kwa wazee 19,114 waliokuwa na afya njema, waliotumia aspirini walikufa kwa saratani zaidi kidogo kuliko wasioitumia. Dawa iliyomsaidia mgonjwa wa utumbo mwenye jeni fulani haikumsaidia mwenye saratani ya matiti, na huenda ilimdhuru mzee asiye na ugonjwa. Tofauti hizo hazionekani kwa macho wala kwa uzoefu wa daktari mmoja. Majaribio makubwa ndiyo yanayozibaini, na matokeo ya kushindwa yana thamani sawa na ya kufaulu, kwa sababu huwaepusha wagonjwa na miaka ya kumeza dawa isiyowafaa.

Njia zinazojaribiwa

Serikali kadhaa zimeanza kutafuta namna ya kuziba pengo hilo. Huduma ya Afya ya England ilianzisha mwaka 2021 mpango maalumu wa kuzipa dawa kazi mpya. Tunda lake la kwanza lilikuwa anastrozoli, dawa ya kutibu saratani ya matiti ambayo muda wa hataza yake ulikuwa umekwisha. Jaribio la wanawake 3,864 lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London lilikuwa limeonesha kwamba ikitumiwa kwa miaka mitano na wanawake waliokoma hedhi walio katika hatari kubwa, inapunguza uwezekano wa kupata saratani hiyo kwa karibu nusu. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa ni wachache walioandikiwa, kwa kuwa kinga haikutajwa katika kibali. Novemba 2023, mamlaka ya dawa ya Uingereza iliidhinisha matumizi hayo, na ilikadiriwa kwamba wanawake wapatao 289,000 wa England wangeweza kustahili.

Katika Umoja wa Ulaya, pendekezo la sheria mpya ya dawa lililotolewa na Tume ya Ulaya Aprili 2023 lina kifungu kinachoruhusu taasisi zisizo za faida kuwasilisha zenyewe ushahidi kwa Shirika la Dawa la Ulaya. Ushahidi ukikubaliwa, kampuni zenye dawa hiyo zitatakiwa kuongeza matumizi mapya katika maelezo yake. Wazo hilo linagusa tatizo la kibali, ingawa haliondoi swali la nani atakayelipia jaribio lenyewe.

Wataalamu wengine wanahimiza majaribio ya pamoja, ambamo dawa kadhaa hupimwa kwa wakati mmoja zikilinganishwa na kundi moja. Jaribio la STAMPEDE la saratani ya tezi dume, lililoanza Uingereza mwaka 2005, lilitumia utaratibu huo kwa miaka mingi. Dawa ikionekana haifai huondolewa, nyingine huingizwa, na gharama ya kujenga utaratibu mpya kila mara huepukwa.

Hoja kubwa ya wanaotaka fedha za umma ni ya hesabu. Bima za taifa na wizara za afya ndizo zinazolipia saratani inayorudi: upasuaji wa pili, kemotherapi, vitanda vya wodini. Kwa hiyo ndizo zinazookoa fedha ugonjwa usiporudi. Kwao, jaribio linaweza kuwa uwekezaji, hata kama kwa kampuni ni hasara.

Afrika Mashariki na Kati

Kanda hii ina mfano wake wenye nguvu, ingawa ulikwenda upande wa pili: dawa ya saratani iliyopewa kazi nyingine. Haidroksiyurea iliidhinishwa Marekani mwaka 1967 kwa matibabu ya saratani. Baadaye ilibainika kwamba inawasaidia wagonjwa wa selimundu, na mwaka 1998 iliidhinishwa kwa watu wazima wenye ugonjwa huo. Lakini kwa Afrika, wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu, swali lilibaki: je, ni salama kwa mtoto anayeishi penye malaria na utapiamlo?

Jibu lilipatikana Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda. Katika jaribio lililoitwa REACH, watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi 10 kutoka Kongo, Kenya, Uganda na Angola walipewa dawa hiyo. Sehemu ya fedha ilitoka kwa taasisi ya umma ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, mwandishi wake wa kwanza akiwa daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa, yalionesha kwamba vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa zaidi ya nusu na malaria kwa karibu nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Jaribio hilo lilithibitisha pia kwamba hospitali za kanda hii zinaweza kuendesha utafiti wa kiwango cha juu zikipata mfadhili.

Dawa ya malaria nayo imo katika orodha ya zinazochunguzwa. Artesuneti, ambayo sindano yake huokoa watoto wenye malaria kali, ilijaribiwa London katika Chuo Kikuu cha St George's kwa wagonjwa wapatao 20 wa saratani ya utumbo mpana, waliopewa vidonge vyake kwa siku 14 kabla ya upasuaji. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, ugonjwa ulirudi kwa mgonjwa mmoja aliyepata artesuneti na kwa sita wasioipata. Idadi hiyo ni ndogo mno kuwa ushahidi, na majaribio makubwa zaidi yalipangwa Uingereza na Vietnam.

Kwa kanda hii, artesuneti ina jambo jingine la kuangaliwa. Vimelea vya malaria vyenye usugu kiasi dhidi ya dawa za jamii hiyo vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Matumizi yoyote mapya yatalazimika kupangwa kwa namna isiyoongeza usugu huo.

Tahadhari kwa wagonjwa

Palipo na ombwe la ushahidi, uvumi hujaa. Katika mitandao ya kijamii husambazwa ujumbe unaodai kwamba dawa za minyoo huponya saratani. Chanzo cha baadhi ya madai hayo ni cha kweli: mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza kwamba panya waliopewa dawa ya minyoo ya wanyama hawakuota uvimbe wa ubongo waliopandikizwa, na wakaelekeza utafiti wao kwa mebendazoli, ambayo hutumiwa na binadamu. Lakini kati ya panya wa maabara na mgonjwa wodini kuna safari ndefu. Hakuna jaribio kubwa lililothibitisha kwamba mebendazoli, fenbendazoli au ivermektini huponya saratani kwa binadamu. Madaktari wa nchi kadhaa wameripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kujitibu kwa fenbendazoli, dawa iliyokusudiwa mifugo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuchelewa. Saratani nyingi hutibika zikigunduliwa mapema, na miezi inayopotea kwa kujaribu dawa ya mtandaoni hairudi. Aspirini pia si kitu cha kuchezewa: inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni au kwenye ubongo, hasa kwa wazee na kwa wanaotumia dawa nyingine za kulainisha damu. Katika jaribio la Ulaya Kaskazini, madhara makubwa yaliripotiwa kwa asilimia 16.8 ya waliotumia aspirini, dhidi ya asilimia 11.6 ya wasioitumia.

Mgonjwa anayesikia habari ya dawa ya zamani yenye kazi mpya anaweza kumuuliza daktari wake maswali matatu. Je, ilijaribiwa kwa binadamu au kwa wanyama tu? Je, ilikuwa saratani ya aina hii na ya hatua hii? Je, inaweza kugongana na tiba anayoendelea nayo? Na asiache tiba aliyoandikiwa hospitalini kabla ya kupata majibu hayo.

Majaribio mengine ya aspirini bado yanaendelea, likiwemo la Add-Aspirin linalohusisha Uingereza, Ireland na India na wagonjwa wa saratani za aina kadhaa. Mamia ya dawa nyingine zilizomo katika orodha za watafiti bado zinasubiri zamu yao. Kwa nyingi kati ya hizo, kinachosubiriwa ni taasisi iliyo tayari kulipa gharama ya kupata jibu, hata jibu hilo likiwa kwamba dawa haifai.